Ndege-Maji za Kigoma, 1916: Historia ya Kielelezo na Istilahi Zake

1. Utangulizi

Katika makala haya tunakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laweza kuonekana dogo, yaani uundaji wa kielelezo cha ndege ya vita kwa ajili ya maonyesho, na maneno yanayohitajika katika kazi hiyo. Tumechagua ndege za maji ambazo Wabelgiji walizitumia kupiga bandari ya Kigoma mwaka 1916. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni sehemu ya historia ya mwambao wa Ziwa Tanganyika, nayo haijulikani sana hata kwa wenyeji wa Kigoma na Ujiji, ambao aghalabu huisikia habari ya meli ya Götzen peke yake. Pili, kila hatua ya kuziundia kielelezo hutulazimisha kuchagua neno, na baadhi ya machaguo hayo yakikosewa hupotosha historia yenyewe.

Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na tangu hapo kazi ya kusanifu istilahi imekuwa miongoni mwa shughuli zake kuu. Watu wengi hudhani kwamba kazi hiyo ni ya kutafuta neno la Kiswahili la kuweka mkabala na neno la kigeni, kisha basi. Tutajaribu kuonyesha kuwa sivyo. Mwalimu anayeandika kibao cha kuwekwa chini ya kielelezo, mfasiri anayegeuza maelekezo ya kukiunda, na mtumishi wa serikali anayeorodhesha vitu vya makumbusho, wote hao wanaandika historia, wapende wasipende.

2. Vita vya ziwani kwa muhtasari

Reli ya Kati iliyojengwa na Wajerumani ilifika Kigoma mwezi wa Februari 1914. Kwa njia hiyo ililetwa meli ya Graf von Götzen, ambayo ilikuwa imeundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika masanduku yapatayo 5,000. Mafundi waliiunganisha upya Kigoma, nayo ikashushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Katika mwaka huo huo manowari ya Königsberg iliangamia katika delta ya Rufiji, na mizinga yake 10 mikubwa ikaokolewa na kusambazwa sehemu mbalimbali za koloni. Mmoja wapo ulipandishwa juu ya Götzen.

Upande wa pili, Waingereza walileta mashua mbili za injini zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilipakuliwa Cape Town, zikapelekwa kwa reli hadi Katanga, kisha zikavutwa nchi kavu juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na kwa ng'ombe, huku madaraja zaidi ya 100 yakijengwa njiani. Zilishushwa ziwani Desemba 1915. Tarehe 26 ya mwezi huo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani iitwayo Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ziliizamisha Hedwig von Wissmann. Ikabaki Götzen.

Hapo ndipo ndege zilipoingia katika kisa hiki. Serikali ya Ubelgiji ilipata kwa Waingereza ndege nne za maji za aina ya Short 827. Zilisafirishwa hadi Kongo katika masanduku, zikapita kwa reli na kwa mito mpaka mwambao wa magharibi wa ziwa, si mbali na mji unaoitwa leo Kalemie, na huko zikaunganishwa. Kutoka huko hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 100 juu ya maji matupu. Tarehe 10 Juni 1916 rubani Aimé Behaeghe na mwangalizi wake Collignon waliruka wakavuka ziwa na kudondosha mabomu bandarini Kigoma. Safari nyingine zilifuata. Behaeghe hakurudi kwao. Alikufa kwa maradhi nchini Kongo kabla ya mwaka huo kwisha.

Wabelgiji waliripoti kwamba waliigonga Götzen. Lakini bomu halikuizamisha. Majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia kwa nchi kavu, Wajerumani wenyewe waliipeleka meli hiyo kusini ya Kigoma, karibu na mlango wa Mto Malagarasi, wakapaka injini zake grisi ili zisiharibike, na tarehe 26 Julai 1916 wakaizamisha. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma. Meli iliinuliwa na Wabelgiji, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920, ikainuliwa na Waingereza mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

3. Ndege ya aina gani?

Neno "ndege" lilikuwa na kazi nyingi kabla ya eropleni kuzaliwa. Lilikuwa jina la kiumbe mwenye mabawa, na pia lilikuwa jina la dalili ya heri au ya shari: msafiri aliyekutana na ndege njema aliendelea na safari, na aliyekutana na ndege mbaya alirudi nyumbani. Chombo cha angani kilipofika, wasemaji hawakusubiri kamati. Walilichukua neno la kale wakalivika maana mpya, kama walivyofanya baadaye kwa "kifaru", ambaye kutoka mbugani aliingia jeshini akiwa gari la chuma lenye mzinga. Katika Kiswahili cha Katanga jambo hilo hilo lilitendeka kwa umbo la "ndeke".

Tofauti ya maana hizi huonekana katika upatanisho. Husemwa "ndege ametua mtini", lakini "ndege imetua kiwanjani". Sarufi yetu imetenganisha kiumbe na mashine bila ya kuongeza neno. Hili ni funzo kwa wanaodhani kwamba kila maana mpya lazima ipewe jina jipya.

Hata hivyo sarufi haitoshi tunapofika kwenye aina za ndege za vita. Katika matumizi ya kawaida, "ndege ya kivita" ni kila ndege ya jeshi: ya kupigana angani, ya kudondosha mabomu, ya kupeleleza, hata ya kubeba askari. Kwa habari za redio pengine hilo latosha. Kwa historia halitoshi. Ndege zilizoundwa mahsusi kuwinda na kuangusha ndege nyingine zilianza kupata umbo lake mwaka 1915, pale Wajerumani walipoweza kufunga bombomu, yaani bunduki ya rashasha, ikapiga risasi kati ya mapanga ya rafadha inayozunguka. Ndege za namna hiyo tunapendekeza ziitwe "ndege za mapambano". Hurricane, ambazo Kikosi cha Anga cha Afrika Kusini kilizirusha kutoka Kenya katika vita vya mwaka 1940 na 1941, zilikuwa ndege za mapambano. Short 827 haikuwa. Ilikuwa chombo cha watu wawili, chenye mwendo usiofika kilomita 100 kwa saa, kilichokusudiwa upelelezi na kudondosha mabomu. Kwenye anga ya Kigoma hakikuwa na ndege adui wa kupambana naye.

Kuna tofauti ya pili. Ndege ya kwanza ya vita kuruka katika pwani yetu ilikuwa Curtiss, iliyorushwa Novemba 1914 na rubani Dennis Cutler kuitafuta Königsberg katika Rufiji. Nayo ilikuwa ya maji, lakini kwa namna nyingine: kiwiliwili chake chenyewe kilikuwa mashua, kikikaa juu ya maji. Ndivyo zilivyokuwa pia ndege kubwa za abiria zilizotua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi miaka ya mwisho ya 1930. Short 827, kinyume chake, ilikuwa na kiwiliwili cha ndege ya kawaida kilichoinuliwa juu ya maboya mawili marefu, pamoja na maboya madogo chini ya ncha za mabawa na chini ya mkia. Tukiziita zote "ndege za baharini" tumekosa mara mbili: tumechanganya maumbo mawili, na tumesahau kwamba Kigoma hakuna bahari. Mtunga istilahi akaaye pwani hana budi kukumbuka kuwa maji mengi ya nchi yetu hayana chumvi. Tunapendekeza "ndege-maji" liwe jina la jumla, na chini yake ziwepo "ndege-mashua" na "ndege ya maboya".

4. Mfano, sanamu, bandia, kielelezo

Sasa tufike kwenye kitu chenyewe. Tunapounda kidude chenye sura ya ndege hiyo, kwa udogo, ili watu waje wakitazame, tumeunda nini? Maneno yanayoshindana ni mengi, na historia ya ziwa hili, kwa bahati njema, inatupa kisa cha karibu kila moja.

Tuanze na "bandia". Mwaka 1916 mzinga mkubwa wa Götzen uliondolewa ili ukasaidie majeshi ya nchi kavu, na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti. Kusini ya ziwa, katika ngome ya Bismarckburg, ambayo ni Kasanga ya leo, jambo kama hilo lilitokea. Mwezi Juni 1916 kamanda wa Waingereza, Spicer-Simson, aliiona mizinga ya ngome hiyo akasita kushambulia, akaondoka. Wajerumani wakapata nafasi ya kutoroka kwa mitumbwi na mashua. Ngome ilipotekwa, mizinga ilionekana kuwa ya mti. Hiyo ndiyo bandia halisi: kitu kilichofanywa kifanane na kingine kwa nia ya kumdanganya mtazamaji. Mtoto wa bandia humfurahisha msichana. Mzinga wa bandia humwokoa askari. Katika hali zote mbili uzuri wake ni kwamba mtazamaji akubali, japo kwa muda, kuwa kitu ni kile kisichokuwa.

"Sanamu" ni neno lenye heshima zaidi. Katika makumbusho ya Ujiji, mahali panaposemwa kuwa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, zipo sanamu za watu hao wawili wakiamkiana. Vitabu vya Waingereza husimulia pia kwamba Waholoholo wa ng'ambo ya magharibi walifinyanga sanamu za Spicer-Simson baada ya ushindi wake wa majini. Iwe kweli au iwe majigambo ya waandishi, maana ya neno inabaki pale pale: sanamu hukumbusha, hutukuza au huogofya. Haimpi mtazamaji ahadi kwamba pua ina urefu sahihi.

"Mfano" ni neno pana mno. "Mfano wa ndege" ni sura inayofanana na ndege, lakini pia ni ndege mojawapo inayotajwa ili kufafanua jambo. Mwalimu akisema, "Nipeni mfano wa ndege," mwanafunzi atajibu, "Kunguru." Jibu hilo ni sahihi kabisa, nalo linatosha kutuonyesha hatari iliyopo. "Nakala" hutufaa kwa maandishi na picha. "Kigezo" kina maana ya kipimo cha kufuatwa, kama kigezo cha mshonaji, kwa hiyo hutangulia kitu badala ya kukifuata. "Modeli" ni neno lililokwisha kuingia, na hatuna sababu ya kulifukuza, ila wasemaji hulitumia pia kwa toleo la gari au la mashine.

Limebaki "kielelezo". Mzizi wake ni kuelea, si kwa maana ya kukaa juu ya maji, bali kwa ile ya jambo kuwa wazi akilini: jambo hunielea, nawe hunielezea. Kielelezo, basi, ni chombo cha kumfanya mtu aelewe. Hapa ndipo tofauti na bandia inapodhihirika. Bandia hufaulu mtazamaji anapodanganyika. Kielelezo hufaulu mtazamaji anapojua wazi kuwa hiki si kile, na kwa kujua hivyo akapata habari za kweli kuhusu kile. Ndiyo maana kielelezo hakiwezi kuachana na vipimo.

5. Skeli

Kielelezo hupunguza kila urefu kwa kiasi kimoja. Kiasi hicho walimu wa jiografia wamekwisha kukizoea katika ramani kwa jina la "skeli". Wako wanaopendelea "kipimo" na wako wanaopendelea "uwiano". Kipimo kina kazi nyingi mno: ni cha urefu, ni cha uzito, ni cha homa. Uwiano ni neno la hesabu kwa kila mlingano wa namba mbili. Tunaona afadhali skeli liachwe lifanye kazi yake.

Mabawa ya Short 827 yalikuwa na upana wa mita 16.43 kutoka ncha hadi ncha. Urefu wake ulikuwa mita 10.74, na kimo chake mita 4.11. Katika skeli ya 1/72 mabawa huwa sentimita 22.8 na urefu sentimita 14.9. Katika skeli ya 1/48 mabawa huwa sentimita 34.2 na urefu 22.4. Katika skeli ya 1/24 mabawa ni sentimita 68.5, urefu 44.8 na kimo 17.1. Msomaji ataona kuwa kadiri namba ya chini inavyokuwa kubwa, ndivyo kielelezo kinavyokuwa kidogo. Kwa sababu hiyo maneno "skeli kubwa" na "skeli ndogo" huleta utata, na mfasiri afanya vema kuyaepuka na kuandika "kielelezo kikubwa" au "kielelezo kidogo" pamoja na namba yake.

Wengi hujiuliza kwa nini namba iwe 72, ambayo haina nasaba na mita wala sentimita. Sababu ni kwamba Waingereza waliifanya inchi moja isimame badala ya futi sita. Mwaka 1936 vifurushi vya vielelezo vya plastiki katika skeli hiyo vilianza kuuzwa Uingereza kwa jina la Frog Penguin. Wakati wa Vita Kuu ya Pili skeli hiyo iliingia jeshini. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliwaomba wanafunzi wa shule wachonge vielelezo 500,000, ili askari na walinzi wafunzwe kuitambua ndege ya rafiki na ya adui kwa umbo lake. Hesabu yake ni rahisi: kielelezo cha 1/72 kikitazamwa kutoka mita 10 huonekana kama ndege yenyewe iliyoko mita 720.

Nasi Waswahili tunayo njia ya kuieleza skeli hiyo bila ya kwenda London. Futi sita ni pima moja: shibiri mbili ni dhiraa, dhiraa mbili ni wari, wari mbili ni pima, yaani upana wa mikono ya mtu mzima aliyeinyosha. Skeli ya 1/72 ni inchi moja kwa kila pima. Mwanafunzi aliyekwisha kumwona babu yake akipima kamba ya nyavu kwa mikono ataielewa hesabu hiyo kabla mwalimu hajafika ubaoni.

Kuna uamuzi mmoja zaidi. Kama wanafunzi wataka kuonyesha ndege pamoja na Götzen, ambayo ilikuwa na urefu wa karibu mita 70, lazima skeli iwe moja. Kwa 1/72 meli itakuwa karibu mita moja na itakaa juu ya meza. Kwa 1/24 itakaribia mita tatu na kuhitaji chumba chake. Kuweka ndege ya 1/24 kando ya meli ya 1/72 ni kuidanganya jamii; hapo kielelezo kimegeuka bandia bila ya aliyekiunda kukusudia.

6. Viungo vya ndege na maneno ya mafundi

Kiunzi cha ndege zile kilikuwa cha mbao, kikavikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Fundi wa kielelezo anaweza kuiga njia hiyo hiyo kwa vitu vilivyo karibu naye: mabua ya mtama, vijiti vya mti mwepesi, uzi, karatasi nyembamba na gundi. Watoto wetu, ambao huunda magari ya waya na mabua bila ya kufundishwa na mtu, hawatashindwa.

Kwa majina ya viungo tunashauri mtunga istilahi aanzie kwa ndege mwenyewe: "kiwiliwili", "mabawa", "mkia". Ndege hii ilikuwa na mabawa ya juu na ya chini, yaliyoshikana kwa "nguzo" na kukazwa kwa "nyaya". Kinachoivuta ni "rafadha", neno ambalo mabaharia walikuwa nalo kwa chombo cha kusukumia meli. Wengine husema "pangaboi". Anayeiongoza ni "rubani", ambaye kwanza alikuwa mtu wa kuongoza meli katika maji yenye hatari. Maneno ya anga, kama yanavyoonekana, yametoka baharini, na hili si ajabu kwa lugha iliyolelewa na mashua.

Kwa maboya, neno la baharini lafaa zaidi tena, kwa kuwa kila boya la ndege hii lilikuwa mashua ndogo iliyofunikwa. Lilikuwa na omo na tezi. Fundi wa mashua wa Ujiji au wa Kibirizi akionyeshwa mchoro wake ataonyesha kwa kidole palipo na "mkuku" na palipo na "mataruma", naye atakuwa sahihi. Hata sababu ya maboya kuwa mawili ataijua. Wavuvi wa dagaa wa Kigoma wamezoea kuunganisha mitumbwi kwa boriti na kwenda nayo usiku pamoja na taa zao, kwa kuwa vyombo viwili vilivyoshikana havipinduki upesi kama kimoja. Mtunga istilahi anayekaa na kamusi peke yake, asimwulize fundi huyo, atabuni maneno matatu mahali ambapo palikuwa na matatu yaliyo tayari.

7. Kibao

Kielelezo kikimalizika huwekewa kibao. Tuchukue kibao cha kubuni chenye maneno haya: "Mfano wa ndege ya kivita iliyozamisha meli ya Götzen, 1916." Ni maneno machache, nayo yasomeka vizuri, lakini makosa yake ni mengi.

Makosa ya "mfano" na ya "ndege ya kivita" tumekwisha kuyaeleza. Kosa kubwa zaidi limo katika kitenzi. Kiswahili kina "kuzama", "kuzamisha" na "kuzamishwa", na kila kimoja kinamtaja mtendaji au kumficha kwa namna yake. "Meli ilizama" humfanya msomaji afikiri juu ya dhoruba. "Ndege iliizamisha" ni uongo wa kihistoria. "Meli ilizamishwa" ni kweli nusu, kwa sababu haituambii na nani. Ukweli ni kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe kwa kukusudia, na bila ya habari hiyo hatuwezi kueleza kwa nini injini zake zilipakwa grisi, wala kwa nini ziliweza kufanya kazi tena.

Tena, jihadharini na neno "zilisafirishwa". Sisi wenyewe tumelitumia hapo juu, na ni neno halali. Lakini kauli ya kutendwa ina tabia ya kufuta watu. Ndege haikufika ziwani kwa kutendwa. Wako waliopakia, waliopakua, waliobeba na waliosafisha njia. Majeshi yote ya vita hivi katika Afrika Mashariki yalikwenda kwa migongo ya wapagazi, maelfu kwa maelfu, na wengi wao walikufa kwa njaa na maradhi. Majina ya rubani na mwangalizi yamehifadhiwa. Ya wapagazi hayakuandikwa. Kibao hakiwezi kuyarudisha, lakini chaweza kukataa kuwasahau.

Tungependekeza kibao kisomeke hivi: "Kielelezo cha ndege-maji ya maboya, aina ya Short 827, skeli 1/24. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege nne za aina hii Ziwa Tanganyika, kwa meli, kwa reli, na kwa nguvu za wachukuzi wa Kiafrika. Kuanzia tarehe 10 Juni 1916 zilidondosha mabomu bandarini Kigoma. Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe tarehe 26 Julai 1916." Maneno yameongezeka, lakini kila moja lina kazi.

8. Hitimisho

Kwa manufaa ya wafasiri na walimu, istilahi tulizozijadili ni hizi:

Kielelezo: umbo lililopunguzwa kwa vipimo sahihi ili kufundishia au kuonyeshea.
Bandia: kitu kilichofananishwa na kingine kwa nia ya kudanganya au kuchezea.
Sanamu: umbo la kukumbusha au kutukuza, lisilofungwa na vipimo.
Skeli: kiasi ambacho kila urefu wa kitu umepunguzwa au kukuzwa.
Ndege-maji: ndege yoyote iwezayo kutua na kuruka majini.
Ndege-mashua: ndege-maji ambayo kiwiliwili chake hukaa majini.
Ndege ya maboya: ndege-maji iliyoinuliwa juu ya maboya.
Ndege ya mapambano: ndege ya vita iliyoundwa kupigana na ndege nyingine angani.
Rafadha: chombo chenye mapanga kizungukacho ili kukivuta au kukisukuma chombo.

Orodha hii si sheria. Ni mapendekezo, nayo yanangoja kupimwa na wale watakaoyatumia madarasani, maofisini na katika karakana. Wakiona kwamba fundi wa mwambao ana neno lililo bora kuliko letu, tunawaomba watuandikie, nasi tutalipokea. Lugha ya kiufundi haipungukiwi na chochote kwa kujifunza kwa mtu mwenye randa mkononi, ilimradi neno lake likifika kwenye kibao limweleze mtoto anayelisoma jambo lililo kweli.